Picha Namba Kumi na Tisa

Enzi zetu picha ilikuwa na namba. Wa rika langu mtanielewa, nyinyi mliobebwa mgongoni kwenye foleni ya sukari, mkaja kupata akili maduka yameshajaa biskuti za kila rangi. Kamera ilikuwa na kitundu kidogo juu, kama ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani yake namba zinasogea: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Ukibonyeza, umebonyeza. Hakuna kufuta, hakuna kurudia, hakuna kuomba upigwe kwa upande wako mzuri. Ukifumba macho basi umefumba, utatundikwa sebuleni kwa watu hivyo hivyo, na wajukuu wako watauliza huyu bibi alipigwa picha amelala?

Mimi nina kamera arobaini na tatu. Zote ndogo, za kuingia mfukoni, za mkanda, za miaka ile. Zinakaa kwenye kabati la vyombo, na vyombo vyangu vinakaa kwenye maboksi chini ya kitanda, jambo ambalo mume wangu amelisemea mpaka amechoka. Siku hizi ananitania tu. Akiniona nimeamka alfajiri naelekea mnadani hata chai sijanywa, anasema, "Mama Grace, nenda kaangalie kuku wako kama wametaga." Navaa viatu, naondoka. Kukaa siwezi, Jumamosi ikinikuta nyumbani nafagia uwanja mara tatu na bado nahisi kuna mahali nachelewa.

Na wala mimi si mpiga picha. Ni mwalimu wa darasa la nne, nafundisha Nkuhungu, naishi Nzuguni, na picha zangu mwenyewe huwa zimepinda. Kamera hizi nazijua kwa vidole. Kuna ile ya mfuniko wa kutelezesha, ukiusukuma jicho linafunguka, ukiurudisha linalala. Kuna ile ambayo taa yake ikijiandaa inalia wiii, kama mbu kakutua sikioni. Kuna nyekundu moja ya plastiki tupu, nyepesi kama kiberiti. Nyingi zimekufa. Betri zimevuja zikaota unga wa kijani, sponji za mlangoni zimegeuka lami inayokung'ang'ania vidoleni mpaka jioni. Nazichukua hivyo hivyo. Mafundi simu na wauza vyuma chakavu kuanzia hapa mjini mpaka njia ya Kondoa wananiita Mama Kamera, na wote wanajua kwamba siulizi bei kabla ya kuchungulia kile kidirisha cha mgongoni kinachoonyesha kama ndani kuna mkanda.

Karibu siku zote hakuna. Miaka yote hii nimekuta mkanda mara mbili. Mara zote mbili nililipa bei ya kwanza, sikubishana. Wa kwanza ulitoa harusi ya watu nisiowajua. Wa pili ulitoa ng'ombe, picha kumi na nane za ng'ombe mmoja, kila upande wake.

Binti yangu Grace, huyo wa chuo, anadhani nimekuwa wa kisasa. "Mama, hizi ni vinteji!" anasema, na wenzake wanakuja kuziazima kwa ajili ya sherehe za kuzaliwa. Jamani! Watoto wana simu yenye macho matatu mgongoni kama buibui, halafu wanatafuta programu ya kuifanya picha ionekane imechakaa. Sisi picha ikitoka na ukungu tulilia, wao ukungu wanaufuata. Mmoja wao alifungua mlango wa nyuma katikati ya mkanda, mchana kweupe, aone picha zake zimetokaje. Zikaungua zote. Akaja kuniambia, "Pole mama, nilijua inasevu." Nilicheka nikashika ukuta. Kisha nikajikuta nimechukua ndoo natoka nje, na maji yalikuwa yamejaa ndani.

Haya. Nimezunguka vya kutosha, niseme.

Nakumbuka Nkuhungu ya utoto wetu, miaka ya tisini imeanza anza. Nyumba zilikuwa za kuhesabu, na kati ya nyumba na nyumba ni miiba na vumbi jekundu. Upepo wa mwezi wa sita ulikuwa na roho mbaya. Unaanika shuka jeupe, unaanua la udongo. Asubuhi tunakwenda shule na kidumu cha maji na fagio la chelewa, magoti meupe kwa baridi, tukirudi tunacheza rede mpaka mama aite mara ya tatu, ile ya jina lote. Tulikuwa na mchezo wa kula mbakishie. Ukikutwa unakula kitu na mwenzako akaitamka kabla yako, unamwachia, hata kama ni ubuyu uko ulimini. Jioni ugali wa uwele na mlenda, tunavuta mlenda kwa mkono unakuwa uzi mpaka kidevuni, na Baba anasema, "Anayechafua shati leo atalivaa kesho hivyo hivyo."

Baba alikuwa karani wa masijala, mtu wa mafaili na kalamu mbili mfukoni. Mama alikuwa wa biashara. Ruksa ilipokuja, kila mtu akaruhusiwa kuuza alichonacho, na Mama akaingia kwenye mitumba, hasa makoti, kwa sababu aliujua upepo wetu. Kila Jumamosi anatandika turubai mnadani. Watu waliyaita yale mavazi kafa Ulaya. Waliamini kabisa kwamba mwenyewe amekufa huko, nduguze wakakusanya nguo wakazifunga belo, zikaja kwetu. Mama alikuwa anacheka. "Wafe wote hao kwa wakati mmoja, na wote wawe wanene?" Lakini kila koti alilianika juani siku mbili kabla ya kuliuza, kwa usalama.

Ndani ya belo moja lilitoka koti zito la kahawia, kola yake ya mahameli, na katika mfuko wa ndani kulikuwa na kamera. Ndogo, nyeusi, imelala mle kama kipande cha sabuni. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Elia alikuwa na minne. Tulipiga kelele majirani wakaja wakidhani ni nyoka.

Baba aliifunga kwenye kitambaa akaipeleka kwa mwenye studio mjini. Alirudi na maelezo aliyotusomea kama waraka wa serikali. Kamera ni nzima. Ndani kuna mkanda wa picha ishirini na nne, na kitundu kinaonyesha kumi na moja, maana yake mwenyewe alishapiga kumi. Tusifungue mlango kabisa. Tumalize zilizobaki, ndipo tuupeleke kusafishwa. Mnakumbuka ilivyokuwa, mkanda hauendi studio mpaka uishe. Kukatisha mkanda ni kama kuipua ugali haujaiva. Watu walikaa na mkanda ndani ya kamera mwaka mzima wakisubiri ubatizo mwingine na harusi nyingine.

Kamba yake ilikuwa imekatika. Mama akaitilia kipande cha futikamba yake ya kushonea, ya njano, kuanzia namba ishirini na mbili mpaka hamsini. Kwa hiyo kamera yetu ukiivaa shingoni unajipima pia.

Zile picha kumi na nne zilizobaki zilipangwa kama bajeti. Namba kumi na moja, Baba na baiskeli yake. Kumi na mbili, Mama mbele ya makoti. Kumi na tatu ilikwenda Buigiri kwa bibi, ambaye alikataa kupigwa mpaka avae viatu, akavitafuta saa nzima, na akasisitiza vionekane. Hilo lilikuwa jambo la heshima. Picha bila miguu ilikuwa matusi, ni kama umemwambia mtu hana pa kusimama. Unajipanga wima, mikono ubavuni, uso mkavu kama unasomewa hukumu. Anayecheka kwenye picha alionekana hajalelewa.

Mimi niliomba kubonyeza kila siku. Mwezi wa tisa, siku ambayo Mama alikuwa mnadani, Baba akalegea. "Moja tu, Perisi. Ukiharibu, ni yako." Nikamsimamisha Elia mlangoni. Hakuwa na viatu, nikamvalisha vyangu vya shule, vimemzidi mpaka anatembea kama bata. Alikuwa amevaa kikoti ambacho Mama alikikata kutoka kwenye koti la mtu mzima, na mkononi ana kichala cha zabibu alichokidokoa shamba la jirani. Nikachungulia. Nikabonyeza. Kamera ikaguna, namba ikasogea. Ile ilikuwa picha namba kumi na tisa.

Mvua za mwezi wa pili Elia alishikwa na homa. Ilipanda mchana, akapata degedege. Baba alimbeba kwa baiskeli kumpeleka hospitali, na alipotoka pale nyumbani Elia alikuwa ananiangalia kutoka begani kwake. Walirudi bila yeye.

Hatukuwa na picha yake nyingine. Nataka mlielewe hilo, nyinyi ambao watoto wenu wanapigwa picha kabla hawajakatwa kitovu. Mtoto wa miaka minne, ana sauti, ana ubishi, anajua kunyang'anya ubuyu, na katika dunia nzima yupo mahali pamoja tu, ndani ya kamera, namba kumi na tisa.

Siku ya msiba nilikuwa napitisha vikombe vya chai. Nyuma ya jiko kulikuwa na jirani mmoja na wenzake wawili, wameinamiana. Yule jirani akasema, "Mtoto wamemweka mkanda mmoja na marehemu wa Ulaya, walitegemea nini?" Wenzake wakaguna. Mimi nilisimama na sinia langu. Sikulia, nilikuwa nahesabu. Marehemu namba moja mpaka kumi, Elia namba kumi na tisa, na kidole kilichobonyeza ni hiki.

Niliamini. Nasema wazi, niliamini miaka mingi kuliko inavyofaa kwa mtu aliyesomea ualimu. Hata sasa naijua malaria ni nini, nawafundisha watoto mbu na mayai yake ubaoni, na mkono wangu wa kulia bado unatoka jasho nikilifikia somo hilo.

Mama naye alisikia yale maneno, au yalimfikia. Wiki chache baadaye Baba alisema, kwa upole, kwamba labda mkanda upelekwe tu hivyo hivyo, namba zilizobaki zipotee. Mama akajibu, "Acha kwanza." Mwezi uliofuata, "Acha kwanza, baba Perisi." Kamera ikatoweka mezani. Mimi nilidhani iko ndani ya sanduku la bati, chini ya Biblia na vyeti. Na jina la Elia likatoweka pia. Hakuna aliyelikataza. Tulikuwa tunakula watatu na kuzungumzia mvua.

Ukafika mwezi wa sita mwingine na upepo wake. Mama alirudi mnadani, na alfajiri alikuwa anavaa lile koti la kahawia, ambalo hakuwahi kuliuza. Mimi nilikuwa namsindikiza kwa sababu shule ilifungwa. Kwa miezi ile yote nilikuwa nafanya kila kitu nimwone akitabasamu. Nilikuwa wa tatu darasani, akasema vizuri. Nilijifunza kusuka, akasema vizuri. Nilitaka nisikie neno "hongera" likitoka kinywani mwake, hata moja, hata dogo.

Jumamosi hiyo jua lilipopanda Mama alivua koti, akaliweka kando ya turubai, akaniambia, "Angalia hapa, nakwenda msalani." Hajafika mbali, wakaja wanaume wawili, wakulima wa kutoka Chemba, wamejifunga mashuka kwa baridi. Walikuwa wanasemezana lugha ya kwao, ile yenye milio ya ulimi, nikawa nawatazama midomo. Yule mzee zaidi alipita makoti yote mazuri niliyoyapanga. Akaliokota lile la kahawia, akaligusa kola, akalivaa. Likamkaa kama alishonewa.

"Binti, hili?"

Nikamtajia bei ya juu, ile ya Mama ya kuanzia. Hakubishana hata kidogo. Akalipa, akaniambia asante mwanangu, wakaondoka kuelekea kwenye malori. Nilikaa nikiwa nimezifumbata zile noti mkononi, shingo nimeielekeza kule alikokwenda Mama. Nilimwona Mama akirudi nikamkimbilia. "Mama, nimeuza! Nimeuza lile zito, na hakupunguza!"

Aliangalia kando ya turubai. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "La kahawia?"

Sijawahi kumwona mama yangu akikimbia kabla ya siku ile wala baada. Alikimbia katikati ya ng'ombe na sufuria za watu, kanga imemdondoka, anaita, "Koti! Jamani, koti!" na watu wakamfungulia njia wakidhani ameibiwa. Lori la njia ya Kondoa lilikuwa limeshaondoka. Aliporudi alikaa chini kwenye vumbi, si kwenye turubai, na ndipo nikajua kamera ilikuwa wapi. Alikuwa anatembea nayo. Nyumbani hakuweza kuiweka na kuitupa hakuweza, akairudisha kwenye mfuko uleule wa ndani, ikawa inalala kifuani pake kila Jumamosi.

Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alisema, "Tukunje, twende nyumbani." Na hakurudi tena kuuza mnadani. Alianza kushona sare za shule, akashona mpaka macho yakamchosha.

Kwa hiyo mnaponiona nageuza geuza vitu kwenye meza za wauza chakavu, msinicheke sana. Nilianza kutafuta siku nilipopata mshahara wangu wa kwanza. Nilikuwa nauliza kamera nyeusi yenye futikamba ya njano, watu wakanitazama, nikaona haya. Nikaanza kusema nakusanya kamera za zamani, hilo wakalielewa. Ukisema unakusanya unaonekana msomi, ukisema unatafuta unaonekana umerukwa. Na kwa kuwa nilisema nakusanya, ikabidi nikusanye. Ndiyo hizo arobaini na tatu.

Mwaka jana, shule zikiwa zimefungwa, fundi simu mmoja wa mnada wa Chemba alinitumia picha kwenye simu. Kuna bibi kaleta kamera, anauliza kama ina thamani. Kamera ilikuwa nyeusi. Kamba yake ilikuwa ya njano, na namba zake zilisomeka: ishirini na mbili, ishirini na tatu. Kesho yake nilipanda basi la Kondoa na nguo za jana.

Bibi alikuwa anaitwa Bi Zaina, mjane wa yule mzee. Nilimwamkia, akaniitikia, "Marahaba mwanangu, karibu," akaniwekea kigoda na karanga kabla hajaniuliza shida yangu. Karanga nikazishika tu mkononi. Nikamwambia tu kwamba mama yangu ndiye aliyekuwa akiuza makoti.

Akashika mdomo. "Wewe ndiye yule mtoto?"

Mumewe aliikuta kamera njiani, akiingiza mkono mfukoni kutafuta joto. Jumamosi iliyofuata alirudi nayo. "Alikwenda mara tatu," Bi Zaina alisema, akanionyesha vidole. "Safari yote ile, mara tatu. Anauliza, mama wa makoti yuko wapi? Wanamwambia hayupo, haji tena. Mzee akasema, basi, Mungu ameipeleka hapa. Akaitundika ukutani."

"Na mkanda, bibi? Ndani kulikuwa na mkanda."

"Ule utepe? Watoto waliufungua. Tulisikia ndani kuna picha, tukataka kuziona. Waliuvuta wote, mrefu, mpaka mlangoni. Tukauangalia juani, mimi na mzee na watoto. Hatukuona mtu. Ulikuwa mweusi tu." Akanitazama vizuri. "Kulikuwa na mtu?"

Nikamwambia alikuwepo mdogo wangu. Bi Zaina akaweka chini ungo wake, akasema, "Innalillahi," na akanishika mkono ule ule wa kulia. Kamera alinipa. Nilitaka kumlipa, akakasirika.

Mama anaishi nami sasa. Baba tulishamzika. Nilifika Nzuguni jua linazama, nikamkuta anachambua mchele kwa vidole, kwa sababu macho hayamsaidii sana. Nikaiweka kamera mapajani pake. Aliipapasa. Alipofika kwenye futikamba vidole vikasimama.

"Ni mimi niliyeliuza lile koti," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Najua ni wewe. Kwani pale alikuwepo nani mwingine?"

"Mkanda uliungua, Mama. Waliufungua watoto. Hakuna kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Kuhusu yule mzee na safari zake tatu sikumwambia, na nyinyi mnaomfahamu naomba msimwambie. Mama angekwenda mnadani Jumamosi moja tu zaidi, moja, angekabidhiwa mkononi. Hilo nitalibeba mwenyewe. Nikainuka nikasema ngoja nikaandae chai. Nikasema ngoja nikaangalie kama geti limefungwa.

"Kaa," Mama akasema.

"Nakuja sasa hivi."

"Perisi, kaa chini."

Nikakaa. Grace alikuwa pembeni na simu yake, ile yenye picha elfu kadhaa. Juzi nilimwuliza sherehe ya mahafali yake alivaa gauni gani, akasema ngoja niangalie. Simlaumu, haya ndiyo maisha yao. Wanazo picha zote na hawajui namba ya hata moja. Sisi tulikuwa na moja, na sasa hata hiyo hatuna, na mimi ningeweza kuwachorea kila kifungo.

"Mimi sikuwepo siku ile," Mama akasema. "Aliyechungulia ni wewe. Alikuwaje?"

Nikamwambia. Mlangoni, upande wa kushoto, jua linampiga usoni. Kikoti cha bluu.

"Cha kijani. Nilikikata mwenyewe."

Cha kijani, basi. Viatu vyangu vya shule, kamba hazijafungwa. Kichala cha zabibu mkononi, anakificha nyuma lakini kinaonekana, na juisi imemtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia asimame kama askari. Nilimwambia asicheke, picha ni moja. Na nilipobonyeza alikuwa anacheka, meno yote nje, ule mwanya wake wa mbele na yote.

"Alicheka?"

"Alicheka, Mama. Nilimkataza, akacheka."

Mama akaivaa kamera shingoni, futikamba ikamlala juu ya kanga. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya zile namba, moja baada ya nyingine.

"Miaka yote hii," akasema, "hukuniambia kwamba alicheka."

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa nasubiri picha."